Kumbukumbu ya Pamoja na Swali la Nani Anashika Daftari

Muhula uliopita, katika somo la mifumo endeshi, mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha programu aliyoiandika ya kuzidisha matriki kwa kutumia kadi ya michoro. Hesabu yenyewe ilichukua mistari michache tu. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa kazi ya uchukuzi: kutenga nafasi ndani ya kadi, kunakili data kutoka kwenye kumbukumbu kuu, kusubiri, kisha kuyarejesha majibu. Akaniuliza, “Dokta, prosesa na kadi vimo ndani ya kompyuta moja. Kwa nini visisome daftari moja?”

Swali hilo ni la kiufundi, lakini jibu lake linagusa jambo tunalolijadili mara kwa mara katika ukurasa huu, yaani mamlaka juu ya mali ya pamoja.

Tuanze na misingi. Tangu kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, wahandisi wametumia kumbukumbu pepe. Programu haioni mahali halisi data ilipo. Huona anwani tu, na anwani hiyo hutafsiriwa kwa kufuata jedwali la kurasa linalotunzwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kwa kawaida ukurasa mmoja una baiti 4,096. Ndiyo maana programu mbili zaweza kutumia anwani ileile bila kugongana. Lakini kwa miaka mingi jedwali hilo lilisomwa na prosesa peke yake. Vifaa vingine vilikuwa na anwani zao, na mwandishi wa programu akageuka mchukuzi baina ya pande mbili zisizoelewana.

Leo kerneli ya Linux ina njia mbili za kuondoa utengano huo. Ya kwanza hutegemea maunzi: kitengo kiitwacho IOMMU hutafsiri maombi ya kifaa kwa kutumia jedwali lilelile la programu, na kila ombi hubeba namba ya utambulisho yenye biti 20, inayotosha kutofautisha zaidi ya programu milioni moja. Ya pili, iitwayo HMM, iliingizwa katika toleo la 4.14 mwaka 2017. Hapo draiva hutunza nakala ya jedwali kwa ajili ya kifaa, na kerneli huiarifu kila jedwali la asili linapobadilika. Kwa njia zote mbili, anwani iliyoandikwa na prosesa yaweza kusomwa na kadi moja kwa moja.

Wapo wataalamu wanaosema kuwa hili ni suala la urahisi tu, na kwamba mtu anayenakili data kwa mkono wake, kwa mpango mzuri, mara nyingi hupata kasi kubwa zaidi. Kuhusu kasi, wana hoja. Lakini kupanga unakili huo vizuri kunahitaji muda na uzoefu, navyo havikugawanywa sawa. Maabara tajiri huajiri mtu wa kazi hiyo. Mwanafunzi wangu hana wa kumwajiri.

Hata hivyo, ninaunga mkono ushirikiano huu kwa sharti. Kutoa ruhusa si kazi ngumu. Ugumu uko katika kuiondoa. Kerneli inapoutwaa ukurasa kutoka kwa programu moja na kuipa nyingine, kifaa chaweza kuwa bado kimehifadhi tafsiri ya zamani. Kerneli isipokiarifu, na isiposubiri uthibitisho kwamba tafsiri hiyo imefutwa, kifaa kitaandika juu ya mali ya mtu mwingine. Hili si jambo la kufikirika tu. Mwaka 2019, watafiti wa Cambridge, Rice na SRI walichapisha kazi yao iitwayo Thunderclap. Walionyesha kwamba kifaa chenye nia mbaya, kikichomekwa, kingeweza kusoma siri ndani ya kompyuta hata pale IOMMU ilipokuwa imewashwa, kwa sababu mifumo endeshi ilikuwa ikifunua kumbukumbu nyingi kuliko ilivyohitajika. Mlinzi alikuwapo mlangoni, ila aliagizwa kuwapisha wengi mno.

Sharti la pili ni uwazi. HMM ilikawia kukubaliwa kwa miaka kadhaa, na moja ya hoja za wapinzani ilikuwa kwamba hakukuwa na draiva ya wazi ndani ya kerneli iliyoihitaji. Nadhani walikuwa na haki ya kuuliza. Atakaye kushiriki mali ya jumuiya akubali kukaguliwa na jumuiya. Draiva huria ya Nouveau ilianza kuitumia HMM mwaka 2019, na Mei 2022 kampuni ya NVIDIA ikachapisha msimbo wa draiva zake za kerneli chini ya leseni huria. Shinikizo la muda mrefu si kazi bure.

Hapa nchini, neno linalosikika sana ni “mifumo kusomana”: taasisi moja isome taarifa za nyingine, mwananchi asizungushwe na nakala za vyeti kutoka dirisha hadi dirisha. Mwananchi huyo ni mchukuzi kama mwanafunzi wangu, nami natamani apumzike. Lakini maswali ya kerneli yanatuhusu. Nani anashika jedwali la ruhusa? Ruhusa ikiondolewa, nani huthibitisha kwamba nakala ya zamani imefutwa? Na nani, nje ya mkandarasi, ameruhusiwa kuusoma msimbo?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi wangu nilimjibu kwamba ndiyo, vifaa viwili vyaweza kusoma daftari moja. Kisha nikampa kazi ya muhula: achunguze jinsi kerneli inavyolifuta jina la kifaa kisichostahili tena kuwamo.