Seva ya akiba: ya zamani isizimwe kabla mpya haijatoa ushahidi

Kutoka Bunia hadi Uvira, hospitali, vyuo vikuu, koperative za akiba na mikopo, hata redio za mtaani, zinaandika kazi zao kwenye kompyuta. Nyuma ya kompyuta hizo kuna mashine ambayo wakaaji hawaioni: seva ya akiba, inayopokea kila usiku nakala ya kazi za mchana. Siku mashine kubwa inapokufa, hiyo ndiyo inarudisha dosie za wagonjwa, alama za wanafunzi na hesabu ya mama muuza samaki aliyeweka dolari zake 40.

Seva hiyo nayo inazeeka. Diski zinachoka, vumbi linaingia, umeme unakatika na kurudi kwa nguvu. Siku inafika ya kuhamisha kila kitu kwenye mashine mpya, na hapo wakuu wanaanguka katika moja ya makosa mawili. Wengine wanaogopa kazi kusimama, wanaahirisha mpaka mashine inakufa yenyewe. Wengine wanataka yote yamalizike usiku mmoja, na asubuhi mashine ya zamani iuzwe. Msimamo wetu ni huu: kazi inaweza kusimama kwa dakika chache tu, lakini dakika hizo zinalipwa kwa siku nyingi za matayarisho na kwa kuwa na mashine mbili kwa wakati mmoja.

Tupige hesabu. Seva yenye terabaiti 4, ikinakiliwa kwa waya wa mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde, inachukua karibu masaa 10. Kwa waya wa zamani wa megabiti 100, ni karibu siku 4. Fundi anayezima kwanza halafu anaanza kunakili anaiacha ofisi bila akiba kwa muda huo wote. Fundi mwenye akili anafanya kinyume: ananakili huku mashine ya zamani inaendelea na kazi yake. Akimaliza, anarudia, na mara hii programu kama rsync inachukua tu yale yaliyobadilika. Kama mabadiliko ya siku ni gigabaiti 20, kwa gigabiti 1 ni kama dakika 3. Ni wakati huo tu ndipo anasimamisha ya zamani, anachukua mabadiliko ya mwisho, anaipa mpya anwani ile ile ya mtandao, na kompyuta za ofisi zinaendelea kama hakuna kilichotokea.

Lakini kunakili si kumaliza. Seva nyingi za akiba hazirudii faili isiyobadilika: nakala za siku 30 zinashirikiana faili moja kwenye diski. Asiyejua hilo atanakili kila siku kivyake na kujaza mashine mpya kabla hajafika nusu. Kama akiba imefungwa kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo uko ndani ya mashine ya zamani peke yake, basi siku ya kuiuza umeuza na akiba yako. Na ushahidi wa mwisho ni mmoja: chukua dosie moja ya mwezi uliopita kutoka mashine mpya, ifungue, isome. Akiba ambayo haijawahi kurudishwa hata mara moja ni matumaini tu.

Hata wenye uwezo mkubwa wanaumia siku ya kuhamisha vitu. Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon, Korea ya Kusini, moto ulizuka katika kituo cha data cha serkali wakati wafanyakazi walikuwa wakihamisha betri za lithiamu. Kazi 709 za serkali zilisimama. Terabaiti 858 za dosie za watumishi wa serkali ziliungua, na hazikuwa na nakala mahali pengine. Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la kampuni OVHcloud mjini Strasbourg. Kuna wateja waliokuwa na nakala, lakini waliziweka pale pale. Data na akiba yake viliungua pamoja.

Sisi wa mashariki tulipaswa kuelewa somo hilo mapema kuliko wengine. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ilirudi, ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na siku tano baadaye wakaaji wa kartiye 10 kati ya 18 waliamriwa kuondoka. Januari 2025 vita viliingia mjini, umeme na maji vikakatika. Katika siku kama hizo hakuna anayebeba seva mgongoni. Kwa hiyo kabla fundi hajagusa kitu, kuwe na nakala ya tatu kwenye diski ya nje, imefungwa kwa ufunguo wa siri, na ipelekwe mji mwingine. Kuhamisha seva ya akiba bila nakala hiyo ni kuvuka mto ukiwa umeachia kamba ya kwanza na hujashika ya pili.

Tunajua jibu la wakuu: hakuna feza. Ni kweli, mashine mbili, betri nzuri na mafuta ya jenereta vina bei. Lakini mashine mpya tayari imenunuliwa, na ya zamani tayari ipo. Kinachoombwa ni kuiacha pembeni mwezi mmoja bila kuifuta, na kumpa fundi siku zake bila kumpigia simu kila saa. Tena si suala la hiari peke yake. Kanuni ya dijitali ya inchi yetu, sheria Na. 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inamwajibisha anayekusanya habari za watu kuzilinda.

Kwa hiyo, mkurugenzi, siku fundi wako atakapokuambia kazi ya kuhamisha imekwisha, usiulize ilisimama dakika ngapi. Mwambie akufungulie mbele yako dosie moja ya zamani kutoka mashine mpya. Akishindwa, ile ya zamani ingali hapo, na hakuna mgonjwa wala mweka akiba aliyepoteza kitu.