Bunduki ya Mlinzi ni Chombo cha Kazi



Katika shamba moja la miwa hapa kwetu, mlinzi wa zamu ya usiku amekatwa mshahara wa siku tatu. Kosa lake ni nini? Nguruwe mwitu waliingia shambani, akapiga risasi ya kwanza, bunduki ikakwama. Ganda tupu lilibanwa mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Alipofaulu kulitoa, nguruwe walikuwa wamekwisha kula na kwenda zao. Asubuhi msimamizi akaandika kitabuni neno moja tu: uzembe. Hakuna aliyeifungua bunduki ile kuitazama.

Sisi wajumbe wa tawi tuliomba ifunguliwe mbele yetu, na fundi wa karakana akaifungua. Tuliyoyaona ndiyo yaliyotufanya tuandike maneno haya.

Bunduki yenyewe ni ya marisau, aina ya Browning Auto-5, inayojipakia yenyewe. Ilibuniwa na Mmarekani John Browning, ikatengenezwa miaka mingi katika kiwanda cha FN mjini Herstal, Ubelgiji. Ikilia, mtutu na bolti hurudi nyuma pamoja. Kisha mtutu hutangulia kwenda mbele, ganda tupu huruka nje, na bolti hufuata ikisukuma risasi mpya. Chini ya kibao cha mbele, kulizunguka bomba la kuwekea risasi, mna springi kubwa, pete ya chuma na kipande cha shaba. Hiyo ndiyo breki ya mtutu.

Ukitumia risasi nzito, pete hukaa mbele ya springi, upande wake uliochongwa mshazari ukielekea kile kipande cha shaba, ili breki ishike. Ukitumia risasi nyepesi, pete huhamishwa nyuma ya springi, ili breki isishike sana. Sisi tulikuta pete imewekwa kwa risasi nzito, na mlinzi amepewa risasi nyepesi. Tena bomba lilikuwa kavu, limeshika kutu. Mtutu haukuweza kurudi hadi mwisho; ganda lingetokaje? Na kinyume chake ni kibaya vilevile. Pete ikiwekwa kwa risasi nyepesi na zikatumiwa nzito, au bomba likimwagiwa mafuta mengi, mtutu hugonga kwa nguvu mpaka kibao kipasuke na bega liumie. Bomba lataka kupanguswa, kisha lipakwe mafuta kidogo tu kwa kitambaa.

Je, nani alimwonyesha mlinzi pete hiyo? Hakuna. Jioni hupewa bunduki na risasi, alfajiri huzirudisha. Mafuta hapewi, burashi hapewi, na saa ya kusafisha haimo katika zamu yake. Mashine ya kukamua miwa husimamishwa ili ipakwe grisi, na mwenye kuipaka hulipwa. Kwa nini mlinzi peke yake aambiwe kwamba kutunza chombo cha tajiri ni shauri lake mwenyewe?

Wala jambo hili si la mshahara tu. Ni la uhai. Bunduki ya kujipakia ikishalia, hujaa tena papo hapo. Kabla ya kuifungua, elekeza mtutu mahali salama, toa risasi zote, za bombani na ile ya ndani ya mtutu, tazama kwa jicho kisha gusa kwa kidole. Ukifyatua isilie, iache imeelekea mahali salama nusu dakika nzima, ndipo uitoe risasi. Ikilia kwa sauti hafifu, usipige tena: huenda kizibo cha risasi kimebaki ndani, na risasi ya pili itaupasua mtutu. Risasi za namba 20 zisitiwe mfuko mmoja na za namba 12. Ile ndogo huteleza ndani ya mtutu wa namba 12 ikakwama mbele, na mlinzi akidhani hamna kitu, akatia nyingine nyuma yake. Ndiyo maana za namba 20 hutiwa rangi ya njano. Ukimaliza kusafisha, nawa kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu.

Tuseme kweli na juu yetu wenyewe. Wapo wenzetu wanaoficha kasoro ya bunduki, wakamwachia balaa mwenzao wa zamu ijayo. Huo si udugu. Lakini mtu anayejua kwamba akisema atakatwa mshahara, atasema kwa lipi? Adhabu ndiyo inayofundisha kuficha.

Wakubwa husema mafuta na mafunzo ni gharama. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, wasema wazi kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Nao waliokuwa wakiitengeneza bunduki hii walijua thamani ya kazi yao. Mwaka 1966 wanawake zaidi ya 3,000 wa kiwanda hicho cha Herstal waligoma majuma 12, wakidai malipo sawa kwa kazi sawa. Hawakupata yote waliyodai, lakini sauti yao ilifika mbali nje ya Ubelgiji. Basi na yule anayeibeba gizani ajue thamani ya kazi yake.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Kila mlinzi afundishwe bunduki anayopewa, kabla ya kupewa.

2. Nusu saa ya kusafisha iwe ndani ya zamu, na ilipwe.

3. Mafuta, burashi na risasi zinazofaa zitolewe na mwajiri.

4. Liwepo daftari la kasoro, na anayeandika kasoro asiadhibiwe.

5. Bunduki ikikwama, ifunguliwe na fundi mbele ya mjumbe wa tawi kabla ya mtu kuhukumiwa.

Barua ya tawi imekwisha pelekwa ofisini. Mshahara wa siku tatu haujarudishwa, nasi hatutaacha kuuliza. Walinzi wa mashamba mengine, fungueni bunduki zenu mbele ya wajumbe wenu, mtuandikie mtakayoyakuta.

Umoja ni nguvu.