Radhi Kabla ya Nauli

Fundi cherehani wa mtaani kwetu alipojaliwa kwenda Makka, hakuanza na kununua ihramu. Alianza na daftari. Wiki mbili nzima, kila baada ya swala ya alasiri, alipita nyumba kwa nyumba na daftari la shule lenye majina ya wateja wake, akirudia maneno yale yale: "Kama nina haki yako, nidai. Kama nilikukosea, niwie radhi." Wengi walicheka: "Nenda salama mzee, huna deni." Bibi mmoja hakucheka. Alimkumbusha kitambaa cha gauni la harusi ya bintiye, na ile yadi iliyobaki ambayo haikuonekana tena. Fundi aliinamisha kichwa, akaondoka, na usiku ule ule akarudi na pesa mkononi.

Nimemkumbuka mzee yule tulipokuwa tukiandaa toleo hili. Kila tulipouliza habari za hija, tulijibiwa habari za safari: bei za taasisi zinazosafirisha mahujaji, umbali wa hoteli na Haram, hema la Mina lenye kiyoyozi, kibali cha kwenye simu. Si maswali ya kubezwa. Anayelipa akiba ya miaka mingi ana haki ya kujua atalala wapi. Ila hakuna aliyetutajia daftari.

Zamani watu wa pwani hii walikwenda Hijazi kwa jahazi, baadaye kwa meli, wakiaga kama wasio na hakika ya kurudi. Wasia uliandikwa, madeni yakalipwa, waliogombana wakapeana mikono. Leo ndege hufika Jeddah kwa saa chache, na kadiri hakika ya kurudi ilivyoongezeka, ndivyo kuaga kulivyokuwa kwepesi. Siku moja kabla ya safari huingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: "Naomba radhi kwa wote niliowakosea." Ndugu aliyedhulumiwa shamba huusoma pamoja na mtu asiyemfahamu hata kwa sura. Radhi ya wote kwa mpigo mmoja humwepusha mwombaji na lile jambo gumu: kusimama mlangoni kwa mtu mmoja na kusikia jibu lake.

Hatuandiki haya kwa kutamani dhiki ya zamani. Dhiki peke yake si ibada. Katika hija ya mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 51 pale Makka, na zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki; wengi wao walikwenda bila kibali, wakatembea juani mbali na mabasi na mahema. Baada ya hayo, nani atasema kivuli ni anasa? Wala biashara si ngeni huko: msimu wa hija umekuwa soko tangu kale, na Kurani haikumkataza hujaji kutafuta riziki yake.

Tatizo liko kwingine. Hija humtaka mtu aache kitu, nasi tumejifunza kusafiri bila kuacha chochote. Ihramu ya mwanamume ni shuka mbili zisizoshonwa, zisizo na mfuko wala cheo. Fikirieni fundi aliyeshona maisha yake yote akisimama mbele ya Mola wake bila mshono mwilini. Siku hizi mkanda unaoshikilia shuka hiyo una mfuko, na ndani ya mfuko mna simu. Katikati ya tawafu mkono huinuka, na mtu akaipa Kaaba mgongo ili aonekane nayo.

Jambo hili si la Waislamu peke yao. Kila tarehe 3 Juni, Namugongo nchini Uganda hujaa Wakristo wanaowakumbuka mashahidi waliochomwa moto hapo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wapo wanaofika kwa miguu baada ya siku nyingi njiani, wakilala parokiani na kula chakula cha watu wasiowajua. Wapo wanaoshuka garini asubuhi, wakachota maji ya baraka, na jioni wako kwao. Hatuna mizani ya kumpimia yupi kapokelewa. Tunaloweza kuuliza ni nani anayemsubiri kila mmoja nyumbani, na ana lipi la kumdai.

Makala za toleo hili zitawapeleka mbali, na tunawaombea safari njema. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hujaji naye hurudi kwenye mtaa ule ule, duka lile lile, majirani wale wale.

Fundi wetu alirudi na tende, na maji ya Zamzam tuliyoonjeshwa kwa vikombe vya kahawa. Watu wakaanza kumwita Alhaji. Miezi mitatu baadaye nilitumwa kuchukua kanzu yangu ya Maulidi. Mama alipoikunjua, kikaanguka kifurushi kidogo kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na mabaki yote ya kitambaa chetu, hata vile vipande visivyotosha kiraka.