Goma: Anayeanguka kwa hofu hana pepo, acheni kumfunga kamba

Kwenye foleni ya maji, mama mmoja anasikia kishindo. Ni chukudu tu, imepinduka na magunia ya makaa. Lakini yeye anasimama kama jiwe, macho yanatazama mbali, anaitwa na hasikii, kisha anaanguka. Dakika tano hazijapita, umati umekwisha kukata kesi: ana pepo. Jioni familia inampeleka kwenye chumba cha maombi. Huko atakaa siku tatu bila kula, na akipiga kelele atafungwa kamba mikononi.

Habari ya namna hii haimshangazi mtu tena katika Goma, Nyiragongo, Masisi wala Rutshuru. Na hapo ndipo ubaya ulipo.

Wakaaji wa sehemu hizi wamepitia nini? Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi wa ndani kwenye kambi za Mugunga na Lac Vert, watu wakafia chini ya bashi zao. Mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma, maiti zikalala barabarani. Februari wakimbizi wa Bulengo, Lushagala na kambi zingine wakaambiwa waondoke, wengi wakarudi kwenye mashamba yaliyoota majani na nyumba zisizo na paa. Baada ya hayo yote, mtu akikosa usingizi, akitetemeka, akisahau njia ya kwake, watu wanauliza ni nani aliyemroga!

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwenye nchi za vita, karibu mtu mmoja kati ya watano ana ugonjwa wa akili wa aina fulani. Mmoja kati ya watano si kijiji cha wachawi. Ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa.

Tuanze na hofu. Hofu ni kengele ya mwili. Risasi zikilia, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, miguu inajiandaa kukimbia. Hiyo ni kazi nzuri. Shida ni pale kengele inapokataa kuzima: mwezi wa sita sasa, hakuna risasi, lakini moyo bado unapiga, kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, mtu anaamini anakufa usiku huu. Anaenda kituo cha afya, anapewa dawa ya malaria. Anarudi, anapewa ya minyoo. Mara ya tatu anaambiwa hana kitu, asisumbue wauguzi. Kutoka hapo anaelekea kwa muuza dawa wa barabarani, ananunua Valium kwa kuhesabu vidonge. Shirika hilo hilo la Afya Duniani lilikwisha kuonya tangu 2013 kwamba dawa za jamii hiyo zisitolewe kwa watu waliotoka kupata mshituko mkubwa. Hazitibu jeraha, na mwili unazizoea hadi mtu hawezi kulala bila kidonge. Muuza dawa naye, je, atakataa hela?

Mama wa foleni ya maji ana jambo lingine. Kuna saa ambapo mtu hawezi kukimbia wala kupigana: amejificha chini ya kitanda, au ameshikwa, na anaona wanachowafanyia wenzake. Hapo akili inatoka kwa mlango wa nyuma. Mwili unabaki, mwenyewe anakuwa mbali, kama anaota. Saa ile mlango huo ulimwokoa. Lakini baadaye unafunguka wenyewe, kwa kishindo, kwa harufu ya moshi, kwa sare ya askari. Mtu anakauka, au anaanguka, au anaongea kwa sauti ya mtoto, na akiamka hakumbuki. Waganga wanaujua ugonjwa huu na una matibabu. Hajifanyi. Na sauti ile ya mtoto ni yake mwenyewe, si ya shetani.

Wa tatu wanaonewa kuliko wote. Ni wale wanaoambiwa wana tabia mbaya: kijana anayewaka hasira kwa neno dogo, msichana anayejikata mikono, mtu asiyemwamini hata ndugu yake. Ni kweli kuna magonjwa ya nafsi yanayokaa na mtu miaka na miaka, tangu ujana, na kuharibu kila urafiki anaoujaribu. Hata huyo anahitaji kusaidiwa. Lakini kijana aliyekuwa mpole kabla ya mabomu, na sasa anawaka, hajazaliwa hivyo. Jirani hana haki ya kumpa jina la maisha yote kwa miezi sita ya vita.

Sasa, nani anafaidika na neno pepo? Anayetoza sadaka ya ukombozi anafaidika. Familia inafaidika pia, kwa kuwa haitalazimika kusikiliza binti anasema aliyembaka ni nani. Na wakubwa wanafaidika kuliko wote: pepo haliombi bajeti, halidai muuguzi wa akili kwenye kila eneo la afya. Miradi ya misaada ya kigeni nayo ilipunguzwa sana 2025, na washauri waliokuwa wakisikiliza watu kambini wengi wameondoka.

Hakuna anayesema maombi yafungwe. Watu wengi walibaki hai kwa sababu ya kanisa, na pasta anayesema “leo tuombe, kesho asubuhi tumpeleke kwa muganga” anafanya kazi kubwa kuliko semina nyingi. Vita ni dhidi ya kamba, fimbo na njaa. Neno pepo halisimami mbali na neno mchawi, na Kivu Kusini mwaka 2021 wanawake waliuawa kwa sababu ya neno hilo. Kwa mtoto, sheria ya Kongo ya 2009 haina utani: kumsingizia uchawi ni kosa la jinai.

Mtu akianguka, asiwekewe kijiko mdomoni wala pilipili puani. Umati usogee. Mmoja anayemjua aseme polepole: uko Goma, ni mchana, mimi ni dada yako, gusa udongo huu. Na kama ni mara ya kwanza, au ana homa, apelekwe kituo cha afya mara moja, kwa sababu kifafa na malaria ya kichwa vinaweza kufanana na hali hiyo, na malaria ya kichwa inaua haraka. Goma iko hospitali ya magonjwa ya akili, Tulizo Letu. Bukavu iko SOSAME. Ziko mbali kwa mtu wa Masisi, ndiyo. Basi wanaotoza kodi barabarani waeleze kwa nini hakuna iliyo karibu.

Na kabla ya hiyo kufika, wakubwa wa nyumbakumi wana kazi ya wiki hii: waingie kila chumba cha maombi cha mtaa wao, wahesabu waliofungwa kamba humo, na waulize kila mmoja amekula lini mara ya mwisho.