Samaki Anapozeeka Nyumbani



Juma hili mama mmoja ametuletea swali ambalo nimeona litazifaa nyumba nyingi. Mwanawe alinunuliwa enjelifishi akiwa na miaka 5, na leo kijana ana miaka 14. Samaki huyo, mwenye mapezi marefu mithili ya mbawa, rangi yake imefifia, hula kidogo, na muda mwingi hujitenga pembeni mwa tangi. Mama auliza: Je, anaumwa? Na akifa, nikimbilie dukani nimtie mwengine kabla mtoto hajarudi madrasa?

Nianze na la kwanza. Samaki huyu si yule wa miambani mwetu aitwaye kwa jina hilohilo. Huyu ni wa maji matamu, asili yake mito ya bonde la Amazon huko Amerika ya Kusini, naye ni wa ukoo mmoja na perege tunayemkaanga. Akitunzwa vyema huishi miaka 10 hivi, na wako wanaoipita. Akiwekwa katika chombo kidogo chenye maji machafu, huenda asimalize hata mwaka. Basi samaki wa miaka 9 ni shaibu, na umri wake ni ushahidi kwamba nyumba hiyo imemtunza.

Uzee na maradhi hufanana kwa mbali, lakini mwendo wao ni tofauti. Uzee huja polepole, kwa miezi: rangi hupauka, mwili hukonda kidogo, kuogelea huwa kwa uzito, na kutaga mayai hupungua hata kukoma. Maradhi mengi hujitokeza kwa siku chache: vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, mapezi yaliyobana mwilini, tumbo kuvimba hadi magamba yakasimama, au samaki kutweta juu ya maji. Ukiona haya, usiseme ni uzee. Chunguza maji kwanza, kwani sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula haionekani kwa macho. Maji huweza kung'aa na yakawa yanaua.

Shaibu huyu ahitaji mambo machache. Badilisha robo ya maji kila juma, usiyamwage yote kwa mara moja, maana mabadiliko ya ghafla humdhuru. Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki. Maji ya kisima chenye munyu hayamfai. Apendalo ni joto la nyuzi 25 hadi 28. Kwa hiyo usiku wa baridi ya kusi, tangi lisikae dirishani penye upepo. Mpe chakula laini, kidogo kidogo, mara mbili kwa siku, na kilichobaki kiondolewe. Ikiwa wako vijana wanaomwandama na kumnyang'anya chakula, watenge, kwani samaki hawa ni wagomvi licha ya uzuri wao.

Sasa la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Mama, usimbadilishie samaki kwa siri. Kijana aliyemlisha miaka 9 amjua kwa michirizi yake na namna anavyomjia akisikia hatua zake. Atagundua, na atakalojifunza ni kwamba mama huficha msiba. Kesho bibi yake akiugua, ukimwambia hali ni njema, atakuamini vipi?

Mwambie leo, samaki angali hai: amezeeka, nasi tutamhudumia mpaka siku yake. Mkabidhi kazi ya kubadilisha maji. Mtoto aliyezoea kumpunguzia mzee tonge na kumwondolea wasumbufu hata kwa kiumbe mdogo hivi, hatashangaa akiombwa kumshika bibi mkono ngazini.

Na siku ikifika, akilia, asichekwe. Mtume (s.a.w.) alipomwona mtoto Abu Umayr amehuzunika kwa kufiwa na kindege chake, hakumdharau, alimsemesha kwa upole juu ya kindege hicho. Mfukieni samaki chini ya mti uani. Ikiwa mtataka mwengine, kijana mwenyewe na achague wakati wake, akijua tangu mwanzo kwamba anachukua amana ya miaka 10, na kwamba atakuwa mtu mzima kabla haijamalizika.

Nawatakia juma lenye heri. Wabillahi tawfiq.