Mashahidi Watatu wa Mtoto Asiyetulia

Mzazi huitwa shuleni akaambiwa: mwanao hatulii, hamalizi kazi, anawasumbua wenzake. Arudipo nyumbani, fimbo huwa ndiyo jibu la kwanza. Kabla hujainyanyua, ndugu mzazi, jiulize: mtoto huyu hataki, au hawezi?

Ipo hali ya ukuaji wa ubongo ijulikanayo kwa kifupi kama ADHD. Mwenye nayo hushindwa kudumu katika jambo moja, husahau maagizo, hupoteza madaftari, au hukurupuka kujibu kabla swali halijaisha. Si ukaidi, wala haitokani na malezi mabaya. Wapo pia walio kimya, na wasichana wengi wamo katika kundi hili: macho yako ubaoni, fikra ziko mbali. Hao huitwa wavivu, kisha husahaulika.

Hata hivyo, si kila mtundu ana hali hii. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, baadhi yake ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Hapo ndipo lilipo jukumu letu. Mtoto wetu asubuhi yuko shule, alasiri yuko madrasa, usiku yuko nyumbani. Mwalimu, ustadhi na mzazi ni mashahidi watatu. Wakae pamoja, kila mmoja aeleze alichokiona. Akiwa anasumbua shuleni tu, huenda sababu ni nyingine: hasikii vizuri, haoni ubao, au anaonewa na wenzake. Wote wakisema neno moja, apelekwe hospitali, kwani kuthibitisha ni kazi ya daktari.

Wakati huohuo, msaada usisubiri. Aketishwe mbele, mbali na mlango na dirisha. Apewe agizo mojamoja, si matano kwa mpigo. Hesabu 10 zigawanywe mafungu mawili. Atumwe kufuta ubao au kugawa madaftari, mwili upate kujongea. Na afanyapo vyema, asifiwe papo hapo. Sifa ya wiki ijayo haimfikii.

Fimbo humtia hofu, haimfundishi kutulia. Na mtoto aitwaye mjinga kila siku, mwisho huamini kuwa ndivyo alivyo. Tusimfikishe huko.