Fonti ni Kivuli cha Mkono

Ni jambo lisilopingika kwamba tarakilishi imeipa hati ya Kichina makao mapya. Orodha rasmi ya alama za maandishi iliyotolewa nchini Uchina mwaka wa 1980 kwa matumizi ya tarakilishi ilikuwa na alama 6,763. Anayebuni fonti kamili hana budi kulishughulikia umbo la kila mojawapo. Baadhi ya fonti hizo huiga miandiko ya watu mahsusi, kwa mfano ule wa Mfalme Huizong wa nasaba ya Song, aliyetawala kuanzia 1100 hadi 1126. Mtindo wake, wenye mistari miembamba na ncha kali, huitwa "dhahabu nyembamba". Leo mtu asiyewahi kushika brashi huupata kwa kubofya tu. Je, hilo latosha kusema kwamba sanaa hiyo ingali hai?

Nasita kukubali. Hebu tuitazame Dibaji ya Lanting, aliyoiandika Wang Xizhi mwaka wa 353. Mswada asilia ulipotea. Tunaujua kwa nakala za waliomwiga. Humo neno zhi, ambalo aghalabu hufanya kazi iliyo karibu na -a unganifu yetu, limejitokeza takriban mara 20, na wajuzi humsifu Wang kwa kuliandika kila mara kwa umbo tofauti. Fonti ya kawaida ingetupa zhi ile ile mara zote. Kinachopotea ni pumzi ya mwandishi: mahali mkono ulipoharakisha, na mahali ulipotua.

Hata hivyo, siungani na wanaoibeza fonti. Fonti ni kivuli, na kivuli humwelekeza mtu kwenye mti, mradi mti wenyewe umesimama. Wachina hawakuiachia tarakilishi kila kitu: mnamo 2013 wizara yao ya elimu ilitoa mwongozo wa kufundisha sanaa ya mwandiko katika shule za msingi na za upili.

Wasomi wenzangu, sisi je? Tenzi zetu kongwe ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na wanakili wa Siyu, kisiwani Pate, walisifika kwa misahafu yao. Nami, mwanafunzi wa uzamili wa fasihi hiyo hiyo, nimezisoma tenzi hizo kwa hati za Kirumi pekee. Nikiwekewa mswada mbele yangu, huukodolea macho kama mgeni nyumbani kwa babu yake.

Yamkini atatokea mtaalamu wa kutuundia fonti yenye mwandiko wa Siyu. Naam, na ije. Lakini itamfaa nani iwapo hatuwezi kuisoma? Kwa hivyo, usomaji wa miswada kwa hati za Kiarabu na uwe somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili. Tuanze na mkono, kivuli kitafuata.